Kilimanjaro kwa jicho la ndege: jibu kwa mwalimu wa sanaa wa Moshi

Swali: Nafundisha sanaa katika sekondari moja hapa Moshi. Tumepewa ukuta wa bwalo, upana mita 4 na kimo mita 2.5, tuchore Kilimanjaro pamoja na nchi ya chini yake kama anavyoiona mtu aliye ndegeni. Nina picha za simu zilizopigwa dirishani na picha za satelaiti. Kila nikichora, ama inatoka ramani, ama mlima unaonekana kilima kidogo kilichobandikwa juu ya ramani. Rasimu naambatanisha. Nakosea wapi?

Jibu: Mwalimu, mkono wako hauna tatizo. Migongo ya Mawenzi, kile kilele cha mashariki, umeichora vizuri kuliko wengi ninaowaona. Shida ni kwamba rasimu yako ina macho mawili. Nusu ya chini umeitazama wima, kama satelaiti: mashamba ya miwa ya Arusha Chini ni mistatili yenye pembe kamili, na mto unapinda kwa duara nono toka mwanzo hadi mwisho. Nusu ya juu ni Kibo, kilele kikuu, kama anavyokiona mtu aliyesimama stendi ya Moshi akainua uso. Hakuna mtu anayeweza kuwa mahali pote pawili kwa wakati mmoja, na anayepita mbele ya ukuta ataliona hilo hata kama hawezi kueleza kinachomkera.

Kwa hiyo, kabla ya kushika chaki, amua jicho liko wapi: umbali gani kutoka mlimani, na mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Ukishaamua, ukuta wenyewe utakuambia mengine.

Kanuni inayobeba kazi yote ni hii. Vuta mstari mlalo ukutani kwenye usawa wa jicho. Kitu chochote chenye mwinuko sawa na jicho lako kitaugusa mstari huo, kiwe karibu au mbali. Kilicho juu zaidi yako kitauvuka. Kilicho chini kitabaki chini yake. Ukiwa ndani ya ndege iliyo mita 8,000, kilele cha Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo yenye mita 5,895, kipo chini yako, na mstari huo unapita juu ya kichwa chake. Ndiyo maana picha za simu za abiria mara nyingi zinaufanya mlima mkubwa kuliko yote Afrika uonekane kama kitu cha mezani. Hazidanganyi, ila zimepigwa kutoka juu mno kwa kazi unayoitaka wewe.

Mimi ningeliweka jicho mita 4,000, kilomita kama 20 kusini ya mji wa Moshi. Hapo nchi ya chini inatandazika vya kutosha kuonyesha mashamba, mji na vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachagga), lakini Kibo na Mawenzi bado wanakuzidi kimo na wanasimama mbele ya anga. Unapata vyote viwili, ukubwa wa mlima na upana wa nchi.

Sasa hesabu, na usiogope, ni ya darasa la saba. Chukulia mtazamaji anasimama mita 3.5 kutoka ukutani. Kwa kila mahali unapotaka kupaweka, chukua tofauti ya mwinuko kati ya mahali hapo na jicho, kwa kilomita. Igawe kwa umbali kutoka kwenye jicho, kwa kilomita. Zidisha kwa 350. Unachopata ni sentimita, juu au chini ya mstari wa jicho.

Mji wa Moshi upo kwenye mita 900 hivi, kilomita 20 mbele yako. Tofauti ni 3.1. Gawa kwa 20, zidisha kwa 350: sentimita 54 chini ya mstari. Mwanzo wa msitu, mita 1,800, upo kilomita kama 38: sentimita 20 chini. Msitu unapoishia, karibu mita 3,000: sentimita 8 chini. Kilele cha Uhuru, kilomita 50: sentimita 13 juu. Mawenzi, mita 5,149: sentimita 8 juu, na kwa kuwa ipo kilomita kama 11 mashariki ya Kibo, inakaa sentimita 77 kulia kwake. Shira, kilele cha tatu upande wa magharibi, ndiyo inayonifurahisha zaidi. Sehemu yake ya juu kabisa ina mita 4,000 hivi, kwa hiyo inalala karibu juu ya mstari wenyewe, kama mita moja kushoto ya Kibo. Mviringo wa dunia unaishusha Kibo kwa sentimita moja na kidogo. Usiujali.

Upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na anga, hauko kwenye mstari wa jicho hasa. Ukiwa juu hivyo unashuka kidogo, na kwa ukuta wako ni sentimita kama 10 chini ya mstari. Uonyeshe upande wa kushoto na kulia tu, kule mlima unapoisha na tambarare za nyuma zinapochungulia. Uchore hafifu, kwa sababu mwisho wa nchi unakuwa kilomita kama 200 na hewa ya kwetu ni nadra kukuonyesha mbali hivyo.

Jumlisha sasa: kutoka Moshi mpaka Uhuru ni sentimita 67 kwenye ukuta wa mita 4. Najua umeshtuka. Kila mtu hushtuka, kwa kuwa kichwani mwetu Kilimanjaro ina ubavu wa paa la nyumba. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kilomita kama 30 za ardhi na kupanda mita 5,000 hivi, yaani mteremko wa wastani usiofika nyuzi 10. Ni mlima mpana sana. Ukiuchora kwa vipimo vyake halisi, mkuu wa shule atakuuliza kwa nini umeuonea.

Hapa ndipo mchoraji anaruhusiwa kudanganya, ila adanganye kwa kipimo kimoja. Zidisha mwinuko wote wa mlima unaozidi ule wa Moshi kwa 1.5 kisha rudia hesabu. Kibo kinapanda kutoka sentimita 13 hadi 31 juu ya mstari, Mawenzi inafika 23, Shira kama 10, na mwanzo wa msitu unakuja sentimita 16 chini. Ukizidisha kwa 3 utapata mnara, na mtu wa Machame hatautambua mlima wake. Muhimu ni kwamba kila kitu kizidishwe sawa. Ulichofanya kwenye rasimu ni kukirefusha Kibo peke yake na kuiacha Mawenzi ilivyo, ndiyo maana panaonekana pamebandikwa.

Udanganyifu huu una wazee wake. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa mchoro mkubwa wa mji wa Venice kwa jicho la ndege, uliochapwa kwa vibao sita vya mbao, wakati hakuna binadamu aliyewahi kuruka. Inadhaniwa ulijengwa kwa vipimo vilivyochukuliwa mahali mbalimbali mjini na kuunganishwa, kama unavyofanya wewe sasa. Karne ya 20 bingwa alikuwa Heinrich Berann wa Austria, aliyechora mandhari za mbuga za Marekani kama Yosemite, Yellowstone na Denali. Berann alikuwa anapanua mabonde, anarefusha vilele, hata kuugeuza mlima kidogo ili sura yake inayojulikana ielekee kwa mtazamaji.

Na alifanya kitu kinachokuhusu moja kwa moja: nchi ya karibu aliiinamisha ionekane kama inatazamwa kutoka juu kabisa, na kadiri inavyokwenda mbali aliilaza, mpaka mwisho ikapata upeo na anga. Fikiria mkeka uliotandikwa kitandani, sehemu yake ya mbele ikining'inia ukingoni. Yaani naye alikuwa na macho mawili kama wewe! Tofauti ni kwamba kati ya jicho moja na jingine hakuna mshono. Wako unaonekana wazi, unapita pale barabara ya Arusha inapokata ukuta. Ushauri wangu ungekuwa hivi: rasimu ya kwanza fuata hesabu tupu, bila kukunja chochote. Ukishaielewa nchi, ndipo uanze kuikunja.

Ukiuweka mstari wa jicho sentimita 190 kutoka chini ya ukuta, anga inapata 60 na ukingo wa chini wa picha unaangukia ardhi iliyo kilomita kama 6 mbele yako. Angalia kinachotokea kwa shamba la mraba la kilomita moja kwa moja. Likiwa hapo mbele kabisa, linachukua upana wa sentimita 58 na kina cha 27. Shamba hilohilo ukilipeleka usawa wa Moshi linabaki na upana wa 17 na nusu, na kina kisichofika 3. Limekuwa ufito. Upana umepungua mara tatu na zaidi, kina kimepungua mara kumi. Ukilielewa hilo moja, ramani imekwisha. Mito inafuata sheria hiyohiyo. Mapindo ya karibu yanaweza kuwa na tumbo, ya katikati yanabanwa, na ya mbali yanakuwa vijistari vilivyolala, vingine vikipotea nyuma ya kingo zao wenyewe. Duara nalo linakuwa yai. Ukilitazama kwa mwinamo wa nyuzi 30, kina chake ni nusu ya upana, na kwa nyuzi 10 ni chini kidogo ya moja ya tano.

Baada ya vipimo, usikimbilie nyumba na miti. Chora maji kwanza. Upande huu wa mlima umechanwa na makorongo yanayoshuka toka juu kwenda kila upande, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo. Weru Weru, Kikafu, Karanga: ukiijua njia ya kila mmoja, mifupa ya picha unayo. Yakienda juu makorongo yanakaribiana kuelekea Kibo, yakishuka yanaachana kama njia za watu waliogombana. Wanafunzi wako wanayafahamu haya kwa miguu, wengine wanashuka na kupanda korongo kila siku kuja shule. Waulize. Nimeona michoro mingi iliyonakiliwa satelaiti kwa uaminifu kamili na bado mto unapanda mgongo, kwa sababu aliyenakili hakujua lipi ni bonde.

Kosa hilo la kugeuza bonde kuwa mgongo mara nyingi linatokana na mwanga. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Picha ikitiwa kivuli kinyume chake, mashimo yanatokeza na vilima vinabonyea, na hata uelezwe namna gani huwezi kulilazimisha jicho. Kwa picha inayotazama kaskazini kama yako, jua lenyewe linakupa chaguo mbili. Mwezi wa Desemba, saa sita mchana, Moshi jua lipo nyuzi kama 20 upande wa kusini wa utosi, hivyo ubavu unaouchora wewe unapata mwanga. Juni limehamia kaskazini, karibu nyuzi 27, na ubavu huohuo unakuwa upande wa kivuli. Chagua Desemba, na chagua saa mbili asubuhi badala ya mchana. Jua likiwa chini mashariki, linatoka kulia kwako na nyuma kidogo, na kila mgongo unatupa kivuli upande wake wa kushoto. Mchana nchi inakuwa bapa kama chapati, hata makorongo ya mita mia yanafutika. Ila kwanza ingia bwaloni uangalie madirisha. Kama mwanga wa chumba unaufikia ukuta kutoka kushoto, basi pindua, chora jioni. Mwanga uliochorwa ukipingana na mwanga wa dirisha, ukuta utaonekana umekosewa siku zote.

Tuje kwenye hewa, ambayo ndiyo inayotenganisha mchoraji na mpiga ramani. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali, hewa iliyo kati yenu inakipunguzia tofauti ya giza na mwanga na kukivuta kuelekea rangi ya anga ya chini. Vya giza ndivyo vinavyobadilika kwanza: msitu ambao karibu ni kijani cheusi, kwa kilomita 38 ni bluu iliyofifia. Vyeupe vya mbali, kama barafu, haviwi bluu, vinaelekea umanjano kidogo. Hayo yanafundishwa kila mahali. Yasiyofundishwa mara nyingi ni kwamba unapotazama kutoka juu, umbali peke yake hautoshi. Vumbi na unyevu vinakaa chini, hasa miezi ya kiangazi kabla ya vuli. Kwa hiyo Kibo, ingawa kipo mbali kuliko msitu, kinaweza kuwa na mistari iliyo wazi kuliko msitu, kwa kuwa kimetokeza juu ya hilo tabaka. Mlima wako uwe na sehemu iliyofifia zaidi kiunoni, kileleni uwazi urudi. Ukifanya hivyo tu, mlima utapata kimo kisichoweza kuletwa na sentimita.

Kwa vitendo, changanya ndoo moja ya rangi ya ukungu: nyeupe, bluu kidogo, na tone la kahawia ili isiwe bluu ya bendera. Itumie kwenye kila mchanganyiko. Tambarare za nyuma ya mlima ziwe karibu rangi ya ukungu yenyewe. Msitu uwe nusu kwa nusu. Mji na vihamba robo. Mashamba ya mbele usiyatie kabisa. Anza na anga, kisha vya mbali, ukija mbele, ili kila tabaka lifunike kingo za lile la nyuma. Rangi ya maji ya kawaida ya nyumba inatosha, mradi ukuta umepigwa msasa na kupewa praima.

Kuhusu vihamba: acha kuchora migomba. Najua ni kishawishi, na jani la mgomba lina raha yake. Lakini kutoka mita 4,000 mgomba ni chini ya nukta, na ukiuchora, nchi nzima inasinyaa kuwa bustani. Kinachoonekana ni zulia la kijani lenye vinundu, lililokatwakatwa na njia nyekundu, na hapa na pale bati linalomulika. Chukua sponji iliyochanwa kingo, ichovye kijani cha giza, gonga. Ikikauka, gonga kijani cha mwanga lakini sogeza mkono kidogo upande wa jua. Vinundu vitajitokeza vyenyewe. Bati ni mguso mmoja wa ncha ya brashi, mweupe, na usizidishe. Yakifuatana sawasawa yatakuwa madoadoa ya kitenge. Ukikaribia mji yasogeze karibukaribu, ukipanda kuelekea msitu yaachanishe.

Mawingu ni msaada wako. Ukanda wa mawingu ukikaa mbele ya msitu, chini ya mstari wa jicho, mtazamaji anajua bila kuambiwa kwamba yupo juu ya mawingu. Yachore bapa chini, na uyape vivuli vyake juu ya ardhi, vikisogezwa kushoto kwa sababu jua lipo kulia. Wengi husahau vivuli hivyo.

Picha zako za rejea sasa. Za dirishani zitumie kwa rangi na hewa, si kwa vipimo, maana kioo cha ndege kimepinda na lenzi ya simu inapanua. Ukisafiri tena kutoka Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), omba kiti cha dirisha la kulia. Za satelaiti zitumie kwa njia za maji na mpangilio wa mashamba. Ukiwa na kompyuta, Google Earth inakuruhusu kuliweka jicho mahali na kimo unachotaka na kuinua macho mpaka uone upeo. Weka mita 4,000 hapo kusini ya Moshi ulinganishe na hesabu yako kabla ya kupanda ngazi. Picha za zamani jihadhari nazo. Rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer alikipiga Kibo picha kutoka ndegeni zaidi ya miaka 90 iliyopita, na ni picha za kuvutia sana kwa kujifunza umbo la kreta. Lakini barafu usiinakili. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu ilitoweka, na ukichora ile kofia nyeupe kamili ya kwenye kalenda, utakuwa umechora mlima ambao wanafunzi wako hawajawahi kuuona. Theluji iliyoanguka usiku ni jambo jingine, hiyo inaweza kufunika kilele chote na ikayeyuka haraka. Amua ipi unaichora, kwa kuwa kingo zake hazifanani: theluji inafuata kila mwamba, barafu ina kuta.

Nikuongezee moja ambalo hukuuliza. Kama ungependa ukuta wa mtindo wa Tingatinga, rangi kali na kila kitu mbele, basi yote niliyoyaandika hayakuhusu, na ukuta unaweza kupendeza vilevile. Lakini usichanganye. Twiga wa Tingatinga akisimama kwenye nchi iliyopimwa kwa sentimita, kimoja kitamuua mwenzake.

Kwa kazi ya darasa, ningegawa hivi: vipimo na mstari wa jicho ufanye mwenyewe na wanafunzi wawili watatu wanaopenda hesabu, kwa uzi na chaki. Makorongo wape wanaotoka Machame, Kibosho na Marangu, kila mmoja upande wa kwao. Anga na ukungu upake mtu mmoja kwa siku moja, maana rangi hiyo ikichanganywa mara ya pili haitoki ileile. Vihamba wape darasa zima na sponji, uwe karibu nao.